Watu 17, mahema na baridi ya Lushoto: jibu kwa msomaji

"Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni ukoo wa watu 17, tunaishi Dar es Salaam. Mwishoni mwa Juni, shule zikifungwa, tunataka kwenda kulala kwenye mahema kwa siku mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi. Wadogo zangu wanataka Mikumi. Mimi nimependekeza Lushoto kwa sababu naogopa simba. Tuko wakubwa saba, vijana wawili wa sekondari, watoto sita wa shule ya msingi, mtoto wa miezi tisa, na mama yetu wa miaka 68 mwenye presha na magoti yanayomsumbua. Mmoja wa wale sita, wa miaka minane, ana selimundu. Dukani nimeona hema linaloandikwa la watu 12, nikawaza tununue hilo na dogo moja ili tulale pamoja. Kuhusu baridi, shemeji anasema tubebe jiko la mkaa, tuliingize hemani makaa yakishashika na moshi umekwisha. Tuko sawa? Na maji na chakula cha watu wote hawa tupangeje? Mimi ndiye dada mkubwa, lawama zote zitanirudia."

Dada, nianze na la shemeji, maana mengine yote ni ya kupata usingizi mzuri na hili ni la kuamka kesho yake. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Si likiwa na moshi, si likiwa halina, si kwa dakika kumi za kupasha joto kabla ya kulala. Moshi mweupe wa mwanzo hutoka mkaa unapoanza kushika. Ukikatika watu hudhani hatari imeondoka. Kumbe hewa inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na makaa mekundu huendelea kuitoa, hata yale yaliyofunikwa na jivu. Ukiivuta inashikamana na chembe nyekundu za damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, na aliyekwisha lala haamki kuona chochote. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Jiko la gesi na jenereta navyo visikaribie milango ya mahema. Ikitokea watu wawili watatu wa hema moja wanaamka na vichwa vinauma na kutapika, msianze kusema ni malaria au chakula cha jana. Watoeni nje wote, kisha hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu.

Shemeji hajakosea kuiogopa baridi. Amekosea dawa yake, na nitairudia.

Sasa simba. Kwa watu wanaolala nje mara ya kwanza, kinachoharibu safari mara nyingi si mnyama. Ni baridi inayotoka chini, tumbo la kuendesha, choo cha saa nane usiku, na watu 17 wanaojaribu kuishi kama kaya moja. Hata hivyo nakubaliana na wewe kuhusu Lushoto, ila kwa sababu nyingine. Kambi za hifadhi kama Mikumi hazina uzio. Tembo, nyati, fisi na simba wanaweza kupita hapo usiku, na watu hulala salama kwa kufuata masharti yasiyo na mzaha: zipu imefungwa, hakuna chakula hemani, hakuna kutembea gizani, mtu akibanwa na haja anamulika kwanza pande zote au anatumia ndoo. Simba akiliona hema lililofungwa kwa kawaida hulichukulia kama kitu kimoja kikubwa kisichomhusu. Anayehusika ni mtoto wa miaka saba anayetoka peke yake kukojoa. Na moto wa kuni hauwi ukuta. Fisi na tembo wamezoea mioto ya kambi. Tembo husikia harufu ya machungwa na ndizi kutoka mbali, na nyani wa mchana hawahitaji kufundishwa kufungua zipu. Ongeza mbung'o, wanaovutwa na nguo za bluu iliyoiva na nyeusi, na malaria ya nchi ya chini. Kwa watu wazima wanne Mikumi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa watoto saba, mama mwenye magoti na wakubwa ambao bado hawajui kusimamisha hema, ni darasa la pili. Waambie wadogo zako Mikumi ipo tangu 1964, haitahama. Mwakani mtaiendea mkiwa mnajua.

Lushoto mji uko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na safu za Usambara zinazouzunguka zinapanda zaidi. Wanyama mtakaokutana nao ni kima na mbega, na wezi wakubwa kati yao ni kima. Kuna njia mbili za kulala huko. Ya kwanza ni ndani ya msitu wa hifadhi, kama Magamba, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Kwa hiyo kibali na malipo mnavipanga mapema na ofisi yao, mnauliza maji na vyoo vilivyopo, na hamwokoti wala kukata kuni humo. Ya pili ni kupiga mahema kwenye uwanja wa nyasi wa nyumba ya wageni inayoruhusu wapiga kambi. Chagueni hiyo ya pili, bila kuona haya. Mna bomba, mna choo chenye taa, mna mlinzi, na kuna chumba chenye kitanda mkihitaji kumhamishia mtu usiku. Wapo watakaosema hiyo si kambi. Wasemao hivyo mara nyingi hawajawahi kutafuta njia ya choo na bibi kizee kwenye giza la mvua. Piga simu kabla na uulize mambo manne: tambarare ya kutosha mahema sita ipo, vyoo vya wageni wa mahema ni vingapi na kama kimojawapo ni cha kukaa, maji yanatoka saa zote au kwa zamu, gari linafika mpaka kwenye mahema au mnabeba mizigo kichwani.

Hema la watu 12 liache dukani. Idadi inayoandikwa kwenye hema ni ya watu waliolala ubavu kwa ubavu kama dagaa, bila begi hata moja. La 12 linalaza saba au wanane kwa heshima. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba linahitaji uwanja tambarare mpana ambao Lushoto, nchi ya miteremko, haugawi ovyo. Upepo unalishika kama tanga la jahazi. Na mtoto mchanga akilia saa tisa, wote mmeamka. Likichanika au nguzo moja ikivunjika, nusu ya ukoo hawana pa kulala. Nunueni, azimeni au kodini mahema sita ya watu wanne wanne. Mgao wenu unaweza kuwa hivi: wazazi na mchanga wao, mama na kijana wa kike wa sekondari, mtoto mwenye selimundu na wazazi wake, kisha watu tisa waliobaki katika mahema matatu, kila hema na mtu mzima mmoja ambaye jina lake linajulikana na ndiye anayehesabu vichwa kabla ya zipu kufungwa. Kulala pamoja mnakokutaka kutapatikana chini ya turubai moja la mita 4 kwa 6, lililofungwa juu kwa kamba katikati ya mahema. Hapo ndipo mtakapokula, kucheza karata na kusimuliana mpaka usiku, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Mnaponunua, angalieni hema lenye tabaka mbili: la ndani lenye wavu na la nje la kuzuia mvua linaloshuka karibu kufika chini. Yale ya bei rahisi yana kofia ndogo tu ya juu, na mvua ya upande inaingia. Tabaka hizo mbili zisigusane. Zikigusana maji yanapenya, ndiyo maana kamba za pembeni lazima zivutwe hata kama usiku hauna upepo. Kigingi kinapigwa kikiwa kimelala kidogo, kichwa chake kikielekea mbali na hema, kisha kamba inavuta kwa pembe. Kikisimama wima kinang'oka. Mkitandika nailoni chini ya hema, isitokeze nje ya sakafu hata kidogo, kwa sababu kipande kilichotokeza hupokea mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya migongo yenu. Asubuhi mtakuta matone ndani ya paa. Hapo watu hulilaani hema kuwa linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zilizogusa kitambaa baridi zikawa maji. Dawa yake ni kuacha matundu ya juu wazi usiku kucha, hata kwenye baridi.

Kuhusu mahali pa kusimamisha: msikae bondeni kabisa, kwa sababu hewa baridi huteremka usiku na kujikusanya huko, na mvua nayo hivyo hivyo. Msikae chini ya mikaratusi, ambayo Lushoto imejaa. Hutupa matawi makubwa bila onyo, hata siku isiyo na upepo. Vichwa vielekee upande wa mlima. Kisha kabla ya kutandika chochote zungukeni mkitazama chini mkitafuta msafara wa siafu. Siafu hawafuati mtu, wanafuata njia yao, na hema likiwekwa juu ya njia hiyo mtahama usiku mkivua nguo. Wakija licha ya yote, ondoeni watoto kwanza, wapisheni saa moja au mbili, watapita. Jivu lililomwagwa kwa mstari mnene huwachelewesha, halizuii.

Turudi kwenye baridi, maana Juni na Julai ndiyo yenyewe. Usiku Lushoto unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 10, na kwa mtu aliyezoea feni ya Dar hilo ni jambo zito. Watu wa joto hufikiri baridi inashuka kutoka juu, basi wanarundika mablanketi juu na kulala kwenye mkeka. Ardhi ndiyo inayokunyonya. Mwili wako unagandamiza chochote kilicho chini yake, kinabaki bapa bila hewa ndani, na joto linapita kwenda udongoni usiku mzima. Godoro la kupuliza nalo linadanganya: hewa iliyo ndani yake inazunguka, inapoa kutoka chini na kukupoza wewe. Kitu bora na rahisi ni godoro la sponji la inchi mbili au tatu, chini yake mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake blanketi moja. Hayo ni ya chini. Ya kujifunika ni mablanketi mawili mazito kwa mtu mzima, au begi la kulalia na blanketi moja. Hesabu kwa ukoo wenu inatisha kidogo, lakini kila nyumba ina mablanketi yanayooza kabatini, na mitumba ya masweta, kofia za sufu na makoti ipo Dar kwa bei nafuu kuliko mtakayoikuta huko juu mkiwa mnatetemeka.

Kanuni za kulala ni chache. Kila mtu avue zile nguo alizoshinda nazo, hata kama anaziona kavu, kwa sababu zina jasho. Avae kavu za kulalia tu, soksi na kofia. Ale kitu cha moto kabla ya kulala na aende choo, maana kubanwa na haja ndiko kunakowaamsha watu na kuwatoa kwenye joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvalishwa soksi nene inapasha miguu kwa saa kadhaa. Kwa watoto iwekeni mapema, kisha iondolewe wakiingia, isiwaunguze.

Mtoto mwenye selimundu ndiye atakayeamua mengi, na nasema hivi kwa makusudi. Baridi, kupungukiwa maji na uchovu mkubwa ni mambo matatu yanayojulikana kuamsha maumivu ya selimundu, na safari hii inayabeba yote matatu. Hilo halimaanishi abaki nyumbani. Linamaanisha kwamba wiki kadhaa kabla, kabla ya kulipia chochote, wazazi wake waende naye kliniki anakotibiwa na waulize wazi: tunampeleka milimani kwenye baridi kwa siku mbili, mnasemaje? Mimi siwezi kujibu hilo kutoka hapa. Wanaojua damu yake na historia ya maumivu yake ni wao. Wakiruhusu, dawa zake za kila siku zisirukwe, anywe maji kwa ratiba tangu ndani ya gari badala ya kusubiri kiu, avae sweta kabla ya kusikia baridi, asicheze kwenye maji ya maporomoko wala kubaki na nguo mbichi hata dakika tano. Yeye ndiye wa kwanza kupewa chumba cha ndani usiku ukiwa mkali kuliko mlivyotarajia. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba upande wa kushoto, weupe wa ghafla wa viganja na macho, udhaifu wa upande mmoja, au maumivu yasiyotulia kwa dawa alizoelekezwa: hapo hakuna kungoja asubuhi. Hospitali ya wilaya ipo Lushoto mjini. Mchana wa kwanza dereva aende akaione njia yake, na gari moja kila usiku lilale na mafuta ya kutosha, pua ikielekea barabarani, funguo mahali panapojulikana na wote.

Mchanga wa miezi tisa ana hatari yake tofauti: si kupata baridi tu, ni kufunikwa kupita kiasi. Wazazi wanaohofia baridi humlaza katikati yao chini ya mablanketi mawili mazito, na hapo uso unaweza kuzibwa. Avishwe tabaka za nguo, soksi na kofia nyepesi, alazwe chali pembeni ya mama yake kwenye sponji ngumu, blanketi lake mwenyewe lisipite kifua. Kumpima, ingiza vidole nyuma ya shingo: pakiwa na uvuguvugu yuko sawa, pakiwa na jasho amezidishiwa, mikono baridi peke yake haisemi kitu. Chandarua kidogo cha kukunja kibebwe. Mbu huku juu ni wachache kuliko Dar, lakini wapo, na mtapitia nchi ya chini.

Kwa mama yetu, tatizo halisi ni kuinuka kutoka sakafuni. Mwekeeni magodoro mawili ya sponji moja juu ya jingine, au kitanda cha kukunja cha kambi ikiwa hema lina urefu wa kutosha, na kiti cha plastiki pembeni cha kushika anapoamka. Mwenye dawa za presha akiinuka ghafla usiku anaweza kupata kizunguzungu. Akae kwanza dakika moja, kisha asimame, na mjukuu amulike. Ndoo yenye mfuniko ndani ya hema si aibu, ni akili. Na muulizeni yeye mwenyewe, faraghani, mbali na wajukuu: angependa hema au chumba? Wazee wengi hukubali kulala chini ili wasiwe mzigo. Akichagua chumba hajaikosa kambi, maana kambi ni mchana kutwa na jioni chini ya turubai.

Maji. Kwa kunywa na kupikia hesabu lita 5 kwa kichwa kwa siku, yaani lita 85, madumu manne ya lita 20 na ziada kidogo. Mikono na vyombo vinakula mengine kama hayo. Ikiwa bomba lipo, bebeni madumu matupu na lita 40 za kuanzia. Maji ya milimani huonekana masafi kama kioo, na bado yachemsheni mpaka yatokote sawasawa dakika moja, au tumieni vidonge vya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kungoja nusu saa. Yakiwa na tope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu klorini huishia kwenye uchafu. Adui mkuu wa kambi ya watoto ni kuhara, na mlango wake ni mikono. Tengenezeni kibuyu chirizi, kile kidumu cha lita 5 kinachoinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga, sabuni ikining'inia pembeni. Kiwekwe njiani kati ya choo na jiko, mahali ambapo mtu hawezi kukikwepa.

Chakula kiwe cha kawaida kuliko mnavyotamani. Kwa watu 17 wenye watoto wengi, mchele kilo 2 na nusu unatosha mlo mmoja, unga wa ugali vivyo hivyo, maharage makavu kilo moja na nusu, nyama yenye mifupa kilo tatu. Maharage yachemsheni nyumbani, yagandishwe, yasafiri yakiwa barafu ndani ya ndoo iliyofungwa mablanketi. Yaliwe jioni ya kwanza, yakichemshwa upya mpaka yatokote. Kosa ambalo watu hulipenda ni pilau la alfajiri linalowekwa kwenye hotipoti liliwe saa mbili usiku. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Chakula kikikaa vuguvugu saa nyingi zinaamka na kutoa sumu ambayo hata mkipasha moto haiondoki. Njiani bebeni chapati kavu, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi, karanga. Mboga msizitoe Dar kabisa: kabichi, karoti, viazi na njegere zinalimwa huko huko na mtazipita sokoni Soni na Lushoto. Nyama inunuliwe bucha asubuhi na ipikwe siku hiyo hiyo, hivyo barafu haiwahusu.

Jiko mnalo shemeji alilolitaka, ila liwe nje. Mkaa unafaa sana kwa sufuria kubwa. Ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko linalofungwa juu yake ni wa chai, uji na sufuria za kati. Ukiuwekea sufuria ya watu 17 juu, uzito unakuwa juu na kitako ni chembamba, unapinduka, na mtoto huwa karibu. Uwekwe ardhini palipo sawa, na mchoreeni duara la hatua tatu ambalo watoto hawavuki. Na zamu ya kupika iandikwe, wanaume wamo. Ikiwa kambi itakuwa jiko la wakwe lililohamishiwa mlimani, mawifi watakuja mara hii tu.

Safari yenyewe ni saa saba hadi nane kutoka Dar kwa gari lenye watoto, kupitia Segera na Korogwe mpaka Mombo, kisha kupanda. Kipande cha mwisho, kilomita thelathini na kitu, kina kona juu ya kona na watoto hutapika. Kabla ya Mombo wasile mafuta, wakae mbele, mifuko iwe mkononi, na msimame Soni wapumue. Ondokeni saa 11 alfajiri. Lengo ni kufika si zaidi ya saa 10 jioni, maana giza linaingia saa 12 na nusu, mapema zaidi kivulini mwa mlima, na watu wasio na uzoefu huhitaji saa mbili nzima kusimamisha mahema sita. Mkichelewa na giza likawakuta, chukueni vyumba usiku huo. Kila mtu mwenye miaka zaidi ya sita apewe tochi yake, ya kichwani ikiwezekana, na filimbi shingoni yenye amri moja: ukipotea simama ulipo, puliza mara tatu, usitembee.

Kazi ya kwanza, Dada, ni ya Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya safari. Simamisheni mahema yote sita uani kwa mtu yeyote mwenye uwanja, bila kusoma karatasi ya maelekezo mara ya pili, na vijana wa sekondari waongoze. Mwageni ndoo nne za maji juu ya kila moja, subirini robo saa, ingieni mkapapase pembe na mishono. Panapovuja pakaushwe na kupakwa dawa ya kuziba mishono, au mtandike nailoni ya ziada juu. Hesabuni vigingi na kuongeza vitano kwa kila hema. Kamba zitieni alama ya rangi ya hema lake. Usiku huo watoto walale humo humo uani. Joto la Dar halitawapima kwa baridi, lakini mtajua mapema nani anaogopa giza, nani hukojoa kitandani, na nani atahitaji kulala karibu na zipu.